Hedifoni Isiyoziba Masikio

Kaka yangu aliniagiza hedifoni ya kuchezea gemu, na sharti lake lilikuwa moja tu: iwe ile inayoziba. "Ile ambayo ukiivaa, hata nyumba ikiungua husikii," alisema. Nikamjibu, "Sawa kaka," huku moyoni nikijua kabisa kwamba kitu cha namna hiyo sitakileta nyumbani kwetu. Mimi nikishaamua jambo huwa silali nikiligeuzageuza. Nilipanda basi la kwenda Arusha na pesa zangu za vitunguu saumu, nikalala usingizi mzuri tangu Mbulu mpaka Karatu.

Nilijua kwa nini anataka kuziba masikio. Nyumba nzima ilijua, ila hakuna aliyelisema.

Kwetu Tumati, ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ukisimama langoni ukaanza moja, mbili, tatu, mama atakuchapa kofi la mgongo, maana kuhesabu mali yenye uhai ni kuikaribishia kupungua. Sisi tuliwajua kwa kengele. Kila ng'ombe mkubwa alivaa ya kwake, iliyofuliwa na wahunzi wa Kibarbaig huko chini Hanang, na hakuna mbili zilizolia sawa. Jioni, ukungu ukishashuka kiasi kwamba huoni hata zizi la jirani, kaka alikaa juu ya jiwe pembeni ya lango, amefumba macho, ng'ombe wakimpita mmoja mmoja. Wakiisha alisema neno moja: "Wamefika." Hapo ndipo mama alipotia magogo langoni. Asiposema, lango lilibaki wazi, na mtu alirudi malishoni na fimbo yake bila kubisha.

Baba alimkabidhi kazi ile kabla hajafariki. Wakati huo bado tuliitwa watu wa mkoa wa Arusha. Redio za betri na nguo za mitumba zikajaa mnadani, mkoa ukagawanywa tukawa watu wa Manyara, na kaka bado alikuwa juu ya jiwe lile lile. Hata alipooa, hata alipoanza biashara ya maharage, jioni alirudi kukaa pale. Nilikuwa nikimtania kwamba siku akifa tutamzika amekaa, sikio limeelekea bondeni.

Halafu akaanguka kutoka juu ya lori la magunia. Miguu haikurudi. Walimruhusu hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mkewe akamwandalia chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama lango, tukidhani tunamfanyia wema. Jioni ya kwanza kengele zilipoanza kusikika kutoka bondeni, akanyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Jioni ya pili vivyo hivyo. Mama akasimama langoni, akawapitisha ng'ombe kwa macho, akatia magogo mwenyewe bila kumngoja mtu. Nililia siku hiyo, nyuma ya ghala, na nilikuwa na hasira pia. Hasira zangu hazikuwa na wa kumwangukia, basi nikapasua kuni nyingi kuliko zilizohitajika.

Gemu zilimwokoa kidogo, siwezi kukataa. Umeme ulikuwa umeshafika kijijini, na binamu yetu wa Arusha alimletea mashine yake ya zamani ya kuchezea pamoja na tivii. Kaka akajifunza haraka. Akapata wenzake wa mtandaoni, vijana wa Mwanza na Dodoma ambao hajawahi kuwaona, wakawa wanaingia vitani pamoja wakati wowote mtandao wetu usipokuwa na kwikwi. Tatizo likawa moja. Kwenye tivii sauti zote zinatoka mbele, kwa hiyo kila mara alipigwa kutoka nyuma. "Nauawa na watu nisiowasikia," alilalamika. Nilimtazama nikashindwa kuamini. Kaka yangu huyu, aliyekuwa anajua ng'ombe yupi amesimama kukojoa na yupi amegeuka kulitamani shamba la watu, leo ananyemelewa na watoto wa Mwanza!

Ndiyo maana akaambiwa na wenzake atafute hedifoni za saraundi, zenye sauti ya kuzunguka, zinazokuonyesha adui yuko upande gani. Na ndiyo maana yeye akaongeza lile sharti lake. Aliona amepata njia ya heshima ya kutosikia kengele tena maisha yake yote. Mimi nikaona kwamba nikimnunulia hiyo, ndugu yangu atakuwa amehama nyumbani huku amekaa chumba cha mbele.

Dukani Arusha muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye maneno mengi. Akanitolea kwanza zile zinazowaka taa, nyekundu, bluu, kijani, kama harusi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, taa zinakaa juu ya kichwa. Anayevaa atazionaje?" Akacheka. Nikamwomba awashe gemu, amsimamishe mtu wangu katikati ya kijiji kitupu, na amwache adui azunguke huku mimi nimefumba macho. Akanitazama mavazi yangu ya Mbulu, kitenge na sweta, akadhani namtania. Nikavua kilemba nikakaa.

Zile za taa zilikuwa bure kabisa. Hatua za adui zilikuwa katikati ya kichwa changu, kama kipandauso. Za pili zilijua kulia na kushoto, lakini mbele na nyuma kwazo kulikuwa kitu kimoja, na kutojua mbele na nyuma ndiko hasa kulikokuwa kunamuua kaka. Za tatu nikasikia hatua vizuri, nyuma yangu upande wa kulia. Nikafanya kama tulivyofundishwa wote kwetu: ukisikia kengele kwenye ukungu, unageuza shingo polepole mpaka sauti ilingane kwenye masikio yote mawili, na hapo unajua pua yako inamtazama ng'ombe. Nikageuza shingo. Hatua zikageuka nami. Nikageuza tena. Bado ziko nyuma yangu upande wa kulia!

"Hizi mbovu," nikasema, nikazivua. "Ng'ombe gani anazunguka na kichwa cha mtu?"

Yule kijana akacheka mpaka akashika kaunta. "Dada, ng'ombe wametoka wapi tena? Shingo yako haihusiki. Geuza kwa kidole gumba, hapa. Gumba ndiyo shingo."

Nikashika kile kirungu kidogo kwenye rimoti ya gemu, nikasukuma kwa gumba, kichwa nimekituliza. Hatua zikahama kutoka nyuma zikaja kulia, zikaja mbele, zikalingana. Nikafumbua macho. Adui alikuwa katikati ya kioo, ananitazama. Nilifurahi nikapiga meza, wateja wengine wakageuka.

Zikabaki aina mbili, zote nzuri, za bei inayokaribiana. Ya kwanza ilikuwa na vikombe vya ngozi vilivyoshika sikio mpaka mtaa wote ukanyamaza. Pikipiki zikatoweka, wapiga debe wakatoweka, nikabaki na pumzi yangu. Ya pili vikombe vyake vilikuwa na matundu mgongoni, kama chekecheke, na niliisikia Arusha yote ikipita humo. Lakini sauti yake ilikuwa pana. Adui alikuwa mbali kweli, si mbali ya kudhania.

"Chukua hii ya kuziba," kijana akanishauri. "Inakata kelele zote za nje. Ndiyo wanayoipenda."

"Sisi hatununui uziwi," nikamjibu. "Nifungie ya matundu."

Nilipofika nyumbani nikamwamkia kaka, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba," macho yakiwa kwenye boksi. Akazitoa, akazipitisha mkononi, akahisi matundu kwa kidole. Uso ukabadilika.

"Hizi siyo nilizokuagiza."

"Siyo."

"Zile hazikuwepo?"

Hapo ningeweza kudanganya, na mama, aliyekuwa mlangoni, alinikonyeza nidanganye. "Zilikuwepo," nikasema. "Nimeziacha huko huko Arusha."

Kwetu mkubwa akisema amesema, hasa kaka anayesimama mahali pa baba. Mama akashika mdomo. Kaka akanikunjia uso, akaninyooshea kidole kama zamani nilipokuwa nimeachia ndama wanyonye. "Wewe! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Mimi nikaitazama miguu yangu, mizima kabisa. Yeye akaitazama yake. Sijui nani alianza, lakini nadhani ni yeye. Alicheka kwa pua kwanza, halafu kwa kifua, halafu akapiga ngumi kwenye gurudumu la kile kiti, na mama akatuambia sote wawili hatuna adabu na akaenda jikoni kufuta machozi. Tangu aanguke kutoka kwenye lile lori sikuwa nimemsikia akicheka.

Hata hivyo hakunisamehe. Alivaa hedifoni kwa sababu zilikuwa bora mno kuachwa. Naye pia aligeuza shingo mara ya kwanza, akakunja uso, nikamwambia gumba ndiyo shingo, akaelewa kabla sijamaliza. Siku chache tu, watoto wa Mwanza wakaacha kumfundisha wakaanza kumsikiliza. Alikuwa akisema kwenye maiki, taratibu, "Wawili nyuma ya ukuta. Mmoja anapanda. Ngojeni." Nao walingoja. Ila jioni, kengele zilipokaribia, aliongeza sauti ya gemu kama alivyoongeza ya redio, na mama alitia magogo peke yake. Nilianza kujiuliza kama pesa zangu zimenunua gemu tu. Kujiuliza kwangu lakini hakukuwa kwingi. Sauti ya gemu inapanda na kushuka, na matundu hayana mlango.

Jioni moja ukungu ulishuka mapema, mzito. Nilikuwa zizini nakamua, ng'ombe wanaingia, mama langoni amejifunga shuka. Wa mwisho akapita. Mama akainama kuinua gogo la kwanza.

"Mama!" Sauti ikatoka dirishani. "Usifunge."

Mama akasimama na gogo mkononi. "Wameingia wote, mwanangu. Nimewaona."

"Umewaona kwenye ukungu huu? Yule mweusi hajapita. Kengele yake sijaisikia."

Tulitazamana, mimi na mama. Nikapita katikati ya ng'ombe nikiwapapasa, mmoja baada ya mwingine, pembe, mgongo, pembe. Mweusi hakuwepo. Alikuwa na mimba kubwa, na chini kule bondeni kuna korongo.

Kaka alikuwa ameshajisukuma hadi mlangoni. Hedifoni ziko shingoni, na humo ndani kijana wa Mwanza alikuwa anapiga kelele, "Kaka, uko wapi? Kaka, tunaisha huku!" Hakumjibu. Alikuwa amefumba macho, anageuza shingo. Shingo yenyewe safari hii. Polepole kulia, akarudi kidogo, akatulia.

"Shuka kwa njia ya maharage," akaniambia. "Hayuko korongoni. Yuko juu yake, kwenye ile miti. Amelala, kengele inagusa chini ndiyo maana haivumi. Usikimbie, utamwinua vibaya."

Mimi sikusikia chochote, nasema kweli. Nilishuka kwa sababu niliagizwa na mkubwa, na safari hiyo nilimtii neno kwa neno. Kila nilipopotea nilisimama nikamwita, naye akaitikia kutoka juu, "Kushoto! Umempita!" Nikamkuta kwenye ile miti, amelala kwa ubavu, ndama ameshatoka, mbichi, anatetemeka. Nilimbeba ndama mabegani, mama yake akanifuata akilalamika njia nzima, na kengele yake sasa ikasikika vizuri.

Tulipotokea langoni, mama alikuwa bado amekumbatia gogo lile lile. Kaka alikuwa amesukumwa na mkewe mpaka pembeni ya jiwe lake la zamani, kiti kimeinama kidogo kwa sababu pale hapako sawa. Mweusi akapita mbele yake. Nikapita mimi na ndama. Mama hakufunga. Alisimama tu akimtazama kijana wake, ukungu umemlowesha uso, akangoja kama alivyongoja miaka yote.

Kaka akasikiliza mpaka kengele ya mwisho ikanyamaza.

"Wamefika," akasema.

Mama akatia magogo.