Uvungu Mweusi wa Gari la Maude

Kila Oktoba, kabla barafu haijashika, watu wa mji wa Matane walimpelekea Rosaire Bérubé magari yao ayapake mafuta uvunguni kuzuia kutu. Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa na shimo la kusimamia chini ya gari, pampu moja na nyundo ndogo yenye mpini wa mti. Kabla ya kunyunyiza mafuta aliligonga gari huku na huku, akatega sikio. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hutoa sauti butu, kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi. Akimaliza, alimwambia mwenye gari akazunguke barabara ya vumbi nyuma ya mji, vumbi liyashike mafuta yasidondoke. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na minne. Mtu akitaka kununua gari aliambiwa tu, "Rosaire ameligonga," na maneno yakaishia hapo.

Kazi yake ya Aprili watu hawakuijua.

Normand, mtoto wa dada yake, aliuza magari yaliyotumika kando ya barabara kuu. Theluji ilipoyeyuka alimletea mjomba wake yale mabovu pamoja na madebe ya rangi nyeusi, nzito kama lami.

"Mjomba, hizi nyundo zako weka kando. Paka tu. Haya yanakwenda kusini, kwa watu ambao theluji wanaiona kwenye kadi za Krismasi."

Rosaire alijua anachofanya. Mafuta huingia katika mianya na kuyafukuza maji. Rangi ile, ikipakwa juu ya chumvi isiyooshwa, huifungia chumvi ndani, na kutu ikaendelea kula taratibu kama mchwa nyuma ya ukuta. Lakini ikikauka, uvungu wote hung'aa kama sufuria mpya. Funika kombe mwanaharamu apite. Alijiambia kwamba kusini hakuna chumvi, kwa hiyo kutu ingechoka yenyewe. Wanunuzi hakuwahi kuwaona, na hilo lilimsaidia kulala.

Mwishoni mwa Septemba, Maude alifika na gari la kijivu. Huyu Maude alikuwa muuguzi kijana aliyekuja kila Alhamisi kumsafisha Huguette, mke wa Rosaire, kidonda cha mguu. Siku zote alikuwa akiazima gari la kaka yake.

"Mama Huguette, njoo dirishani! Usinicheke, nimelilipia kwa jasho langu."

"Eh! Linang'aa kukushinda wewe," alisema Huguette. "Sasa utapata na mchumba."

"Mchumba aje na gari lake." Maude alimgeukia Rosaire. "Unajua nilivyokuwa naogopa, mzee Rosaire? Magari ya huku, juu bibi arusi, chini maiti. Lakini Normand akaniambia, 'Uvungu umefanywa na mjomba kwa mkono wake.' Nikamwambia, lete karatasi nisaini."

Rosaire alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Alilitambua gari lile kabla Maude hajamaliza kusema. Mwezi wa Aprili nyundo ilikuwa imezama katika boriti ya chuma ya upande wa kushoto, pale unapofungwa mkono unaolishika gurudumu la nyuma. Alikuwa amelijaza tundu kwa wavu na gundi, akalifunika kwa rangi.

"Mbona hunipongezi?"

"Hongera, binti," alisema. "Uendeshe polepole."

"Haya, mwenzenu hata siku mbili sijamaliza, ananitisha!"

Walicheka wote wawili, Maude na Huguette. Maude alikula biskuti tatu za molasi, akaondoka.

Jioni ile Rosaire alimpigia Normand simu.

"Ulisema yanakwenda kusini."

"Lori lilijaa, mjomba. Moja likabaki. Utalia kwa gari moja?"

"Huyu ni muuguzi wa mke wangu. Mrudishie pesa zake."

"Kwa sababu gani? Nimwambie mjomba wangu, Rosaire wa nyundo, ni mwongo? Ukitaka, mwambie mwenyewe."

Rosaire aliirudisha simu mahali pake. Alimchukia Normand kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Alhamisi zikapita. Kila mara Rosaire aliyapanga maneno tangu asubuhi, na kila mara gari lilipoingia uani maneno yakamtoroka. Alikumbuka kwamba wauguzi walikuwa wachache, kwamba Huguette alimpenda huyu, kwamba labda gundi ingeshika mpaka baridi ipite. Sababu hazikumpungukia hata siku moja. Wagonjwa wa Maude walikuwa wametawanyika hadi kijiji cha Les Méchins, na barabara ya huko ina mwamba upande mmoja na upande wa pili mto, mpana hata wenyewe wanauita bahari.

"Wewe una nini?" Huguette alimuuliza. "Kila Alhamisi unajificha gerejini kama paka aliyeiba samaki."

"Nina kazi."

"Oktoba imekwisha, mbona sioni gari la mtu humo?"

Katikati ya Novemba theluji ilidondoka siku mbili, malori ya chumvi yakapita. Alhamisi hiyo Maude aliingia akikung'uta viatu.

"Gari langu limeanza kulalamika," alisema. "Nikikata kona kuna kitu kinalia nyuma. Kaka yangu anasema ni baridi tu."

Rosaire aliweka kijiko ndani ya supu ya njegere. Alinyanyuka, akachukua nyundo, akatoka bila koti. Alilala chali juu ya theluji pembeni ya gari la kijivu, akagonga mara moja. Rangi ilipasuka. Alipogonga mara ya pili nyundo iliingia ndani ikabaki humo, na alipoivuta ilitoka na magamba ya kutu yenye majimaji ya chumvi.

Alirudi jikoni na mgongo wote umelowa.

"Maude, nipe ufunguo. Ukimaliza njoo gerejini."

Alipokuja, gari lilikuwa juu ya shimo na taa imewashwa. Walishuka shimoni, Rosaire akampa nyundo.

"Gonga hapo."

Maude aligonga kwa adabu, kama anayebisha hodi. Kipande kikubwa kama kiganja kilianguka miguuni pake. Alikitazama, kisha akaitazama boriti. Mkono wa gurudumu ulikuwa umeshikwa na uzi mwembamba wa chuma.

"Mungu wangu. Jana nilikuwa Les Méchins." Alimgeukia Rosaire. "Kwa hiyo Normand alikudanganya na wewe."

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi mbele ya Rosaire, naye Maude mwenyewe ndiye aliyeufungua. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, atoke humo akiwa msafi.

"Hapana," alisema Rosaire. "Nilipaka mimi. Nililiona tundu, nikalifunika. Nilijua tangu siku ile ulipokuja nalo."

Maude aliiweka nyundo chini polepole.

"Wiki nane," alisema. "Wiki nane nakula biskuti zenu, nafunga mguu wa mkeo. Na wewe unaniambia niendeshe polepole."

Rosaire alikiokota kile kipande cha kutu, akakiweka pembeni.

"Yapo mengine kama hili?" Maude aliuliza.

"Yapo. Mwaka huu kumi na moja."

Maude alichomoa kalamu mfukoni na karatasi kwenye jalada la wagonjwa. "Andika. Kesho asubuhi tunakwenda kwa Normand, mimi na wewe, na utamsomea mbele ya wateja wake. Yeye anajua yalikokwenda."

"Majina ya wenyewe siyajui."

"Andika unachokijua."

Rosaire alitoka shimoni, akainama juu ya meza ya zana. Magari aliyajua kwa matumbo yao tu. Aliandika: la bluu, tundu juu ya tangi. Jeupe, mabomba ya breki yamelika. Jekundu dogo, sakafu upande wa dereva. Kati ya yale kumi na moja hakusahau hata moja. Maude alikwenda kumpigia kaka yake aje kumchukua. Aliporudi aliipokea karatasi, akaisoma mpaka chini.

"Langu haliko."

Rosaire aliichukua tena. Juu kabisa, palipokuwa na nafasi finyu, aliandika: la kijivu, boriti ya kushoto, la Maude. Kati ya magari yote kumi na mawili, hilo peke yake lilikuwa na jina la mtu.