Vifungo Vyeusi

Wivu wa bibi kwa mjukuu ni moto wa pumba: hauwaki, unafuka. Bibi huyu, fundi cherehani, ulimfukuta kifuani muhula mzima. Kila jioni mjukuu wake wa kike alirudi shuleni na neno moja tu, mwalimu. Mwalimu kasema, mwalimu kacheka, mwalimu kaniuliza nimeamkaje.

"Kwani mimi sikuulizi?"

"Wewe unaniuliza kama nimeoga, bibi."

Fundi akakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Halafu vifungo vikaanza kupungua. Kopo lake la vifungo alilijua kama anavyoyajua meno yake, yaliyobaki na yaliyokwenda. Vyekundu vimo, vyeupe vimo, vyeusi vinayoyoma. Asubuhi moja akamvizia mtoto, akamwona anachopoa kimoja na kukificha ndani ya soksi. Ahaa. Anampelekea mwalimu wake zawadi, tena kwa mali yangu.

Akavaa viatu vya heshima, akamfuata nyuma nyuma.

Mwalimu, binti mdogo tu, alisimama mlangoni mwa darasa na bakuli. Kila mtoto aliitwa jina lake, akapewa mkono, akatia kitu kidogo chenye rangi ya moyo wake siku hiyo: punje ya mahindi, kijiwe, kifuniko cha chupa. Cheupe, ana raha. Chekundu, ana hasira. Cheusi, ana huzuni, na asiyetaka kusema halazimishwi. Mjukuu akatia kifungo cheusi. Mwalimu akainama, na mtoto akamwegemea begani. Bega la fundi lilikuwa halijaegemewa tangu mwaka jana. Watoto walipoingia wote, akajitokeza.

"Wewe mwalimu, mtoto wangu ana nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Aliniambia mimi, mama. Nikiitoa siri yake, kesho hataniambia tena. Muulize mwenyewe."

"Nimemlea mimi tangu mama yake aende kazi ya mbali. Siri gani nisiyoijua?"

"Nitakwambia hili tu: anasema kwenu halii mtu."

Maneno hayo yalikuwa ya fundi mwenyewe. Ndiyo aliyojisifia kwa majirani siku zote: kwangu halii mtu.

Jioni hakuuliza, maana kuuliza namna hiyo hakukujua. Akafungua kopo, akaweka kifungo cheusi juu ya meza ya cherehani.

"Cha nani hicho, bibi?"

"Changu."

"Una nini?"

"Mama yako hapigi simu, mwezi wa pili sasa. Kila ikilia naruka kama panya, kumbe mteja anaulizia suruali yake."

Mtoto akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Akasema na lake ni hilo hilo, anadhani mama kamsahau, ila aliogopa kugombezwa. Akalilowesha bega la bibi yake, na fundi hakulisogeza hata mkono ulipokufa ganzi.

Asubuhi mtoto akachagua cheusi tena. Safari hii alikuja kumwonyesha kabla ya kukitia kwenye soksi.

"Mwambie mwalimu wako vifungo ni vyangu."

"Anajua, bibi. Anakuita mama mwenye vifungo."

"Aniite atakavyo," fundi akasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Leo nimekiona mimi kwanza."