Folda ya Mkurugenzi

Lifti ilikuwa imekufa, hivyo nilipanda kwa miguu na begi langu mgongoni. Nilipofika ghorofa ya tatu nikadhani nasikia mashine ya kusaga nafaka. Mlango ulipofunguliwa, kumbe ni kompyuta moja tu.

Nilikuwa nimeitwa kutafsiri maneno ya programu ya kupanga foleni za hospitali. Kazi hii imenipitisha miji mingi, na kila mji una ofisi kama ile: kapeti lililochoka, cheti kilichopinda ukutani, na mtu mmoja anayefanya kazi ya wanane huku saba wakimsimamia.

Hapa mtu huyo alikuwa mwandishi wa programu, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ambaye wenzake walimwita Kimya. Mkurugenzi alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, ila ofisini alitakiwa kumwita Bosi.

"Karibu, msafiri," Kimya alisema bila kugeuka. "Chai yako ukiiweka hapo juu ya mashine haitapoa mpaka kesho."

Kila alipobofya jina la kipande cha programu katika kihariri, ile programu anayoandikia kazi zake, ili kimpeleke mahali jina hilo lilipoanzia, feni ilinguruma, kioo kikaganda, naye akakunja mikono kusubiri. Wageni wa hospitali walikuwa waje Alhamisi, na walitaka kuona programu ikirekebishwa mbele ya macho yao. Hukumu ya Mkurugenzi ilikuwa imeshatoka: mashine ikiganda siku hiyo, Kimya akatafute kazi kwingine.

Mkurugenzi mwenyewe alishafanya uchunguzi. Jumatatu aligundua kwamba Kimya anabonyeza kwa nguvu. Jumanne alileta kiyoyozi. Jumatano, siku niliyofika, aliamuru meza isogezwe dirishani, kisha akasimama mikono kiunoni kama aliyejenga daraja.

"Bado inalia, Bosi," Kimya alimwambia.

"Mashine inayofanya kazi lazima isikike. Mbona mimi nasikika?"

Hilo hakuna aliyelibishia.

Mkurugenzi alipoondoka, Kimya alianza upya. Alizima viongezo vya kihariri, vile vijiprogramu vya ziada, kimoja kimoja; kelele palepale. Akafungua folda tupu, feni ikanyamaza. Akafungua nusu ya kazi yake, shwari. Nusu ya pili, ngurumo. Akaigawa nusu hiyo, akaigawa tena, kama mtu anayechambua mchele, mpaka ikabaki folda moja: IDHINI YA MKURUGENZI.

Kila Ijumaa Mkurugenzi alidai nakala nzima ya programu iwekwe humo, kama ilivyo, kwa jina lake. "Akiba haiozi," alipenda kusema. Zilikuwa nakala mia mbili na kumi na mbili. Maskini kihariri, kikiulizwa anapokaa mtu mmoja, kilizunguka kugonga milango ya nyumba mia mbili na kumi na tatu zinazofanana, na mwenyewe yumo katika moja tu.

"Si uzifute?" nikauliza.

"Hizo? Afadhali nimng'oe Bosi meno. Nakiambia tu kihariri kisitazame humo."

Akaandika mstari mmoja. Akabofya. Jina likapatikana kabla sijameza funda la chai, na kwa mara ya kwanza nikasikia saa ya ukutani.

Alhamisi wageni waliomba wazee watangulizwe kwenye foleni. Kimya alibofya, akarekebisha, akawaonyesha. Wakapiga makofi.

"Kiyoyozi hicho!" Mkurugenzi aliwaambia, akiwasindikiza.

Aliporudi aliuliza kwa nini mashine iko kimya. Kimya, ambaye hajui kudanganya hata kwa faida yake, akamwonyesha ule mstari. Mjomba akausoma mara mbili.

"Umeiambia mashine isitazame folda yangu?"

"Nakala zote zipo, Bosi. Sijagusa hata moja."

"Kwa hiyo kazi yangu ni takataka."

"Sijasema hivyo."

"Ondoa huo mstari."

"Itaganda tena, na kesho utasema ni vidole vyangu. Siondoi, Mjomba."

"Hapa mimi si mjomba wako!"

"Basi na bosi pia usiwe." Akachomoa chaja yake ya simu, akachukua kikombe chake na kandambili zilizokuwa chini ya meza.

"Mama yako nitamwambia nini?"

"Ni dada yako. Mwambie umenunua kiyoyozi."

Akanigeukia. "Msafiri, maneno ya ukurasa wa mapokezi bado. Usiyasahau." Akatoka. Nilizisikia hatua zake ngazi hadi ngazi, bila haraka.

Mkurugenzi aliketi kwenye kiti cha Kimya, akautafuta mstari kwa kidole, akaufuta. Akabofya jina la kwanza aliloliona. Feni ikaanza chini, ikapanda, mpaka kikombe changu kikatetemeka mezani na hatua za Kimya zikamezwa.

"Unaisikia?" akaniuliza, uso umenawiri. "Sasa ndiyo inafanya kazi."

Nikafungua ukurasa wa mapokezi. Neno la kwanza la kutafsiri lilikuwa "Subiri".