Ngege wa Mgeni Wangu

Nisikieni, kisha mnicheke. Mimi ni mwalimu, mtu wa Isebania, na tangu nihamishiwe Kosele hakuna mtu amewahi kunitembelea. Jumamosi nilikuwa chumbani nikichora kwa makaa sanamu ndogo ya mbao ya kiboko, ili niwaonyeshe wanafunzi wangu wa sanaa. Niliiweka kwenye kiti changu cha pekee, nami nikakaa kitandani. Kuchora hivyo lazima ukazie macho kitu muda mrefu, na baada ya saa nzima mdomo wangu ukaanza wenyewe: "Tulia hivyo hivyo. Shingo umeificha wapi, wewe? Leo usiende mapema, sawa?"

Mama Atieno, mwenye nyumba, alinisikia kupitia ukuta wa mabati. "Mwalimu, umepata mgeni?"

Ningesema hapana. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Ametoka wapi?"

"Nyumbani."

Alifurahi mpaka mimi pia nikafurahi, kama mjinga. Nilidhani yameisha, kumbe kwake mgeni haondoki bila kula. Baadaye akapiga hodi na kuingia na sinia: ugali, samaki wawili aina ya ngege, sahani mbili.

Akatazama kitanda, akachungulia nyuma ya pazia, kisha akaona kiti. Halafu akaniona mimi, pua nyeusi tititi kwa makaa.

"Mgeni ni huyu?"

"Ni huyu, mama."

Hakucheka. Alimtoa kiboko kitini, akakaa, akavuta sahani ya pili.

"Mwalimu," akasema, "si ungeniita tu."