Paa la Nyumba ya Soka

Ukipita Dranya, kijijini kwetu, utaiona nyumba ile kabla hujaulizia, maana paa lake limejaa viraka vyeusi vya lami, na aliyeipaka aliipaka kama mtu mwenye ugomvi na kutu. Wageni huniuliza ni fundi gani wa Arua aliyeifanya kazi ile. Nawaambia ni Rosa Kiden, na ngazi alishikiwa na mama mkwe wake. Wanaoijua familia hiyo hunyamaza hapo hapo. Wasioijua huniambia, "Na ajabu iko wapi?" Basi wakae niwaeleze, kwa sababu mimi Paska, jirani yao, nilikuwepo, na mdomo wangu haukuumbwa kwa kula peke yake.

Mabati yale yana historia. Mwaka sabini na tisa, vita vilipokuwa vinatusogelea, Soka mume wa Kiden aliyang'oa mwenyewe kwa mikono yake, akayafunga kwa mikeka na kuyafukia kwenye shamba la mihogo. Akamwambia mama yake, "Mimi tarudi kufukua." Kisha akavaa sare, akapanda lori la jeshi, na hapo ndipo macho yetu yalipomwona mara ya mwisho. Sisi wengine tulikimbilia Zaire. Kiden alivuka mpaka akiwa na binti mmoja mkononi na mimba tumboni.

Tuliporudi mwaka wa themanini na sita, mabati tuliyafukua sisi. Yalikuwa yameliwa na kutu hapa na pale, na kila bati lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Loku, mdogo wake Soka, ndiye aliyeyapigilia upya. Loku ni mtu mwema, mizigo anabeba bila kunung'unika, lakini huko ukimbizini miaka yote alikuwa anaezeka nyasi tu, na nyasi unazibana pale zinapozama. Mkono ukishazoea, umezoea. Akaipiga misumari yote mabondeni, pale pale maji yanapopita, badala ya kuipiga juu ya migongo ya bati. Wala hakuwa peke yake. Nusu ya Dranya ilifanya hivyo mwaka ule, na mtu akijisifu kwako kwamba ana nyumba ya mabati, ulijua tu kwamba analala amelowa. Kazi ilipokwisha Loku akaenda na tumbaku yake Kaya, mpakani, na hakuonekana tena kwa muda mrefu.

Mvua ya kwanza ya Machi ilipopiga, nyumba ikawa chujio.

Sasa lazima niseme habari ya kitanda. Mama Santina, mamake Soka, alikuwa mjane wa askari wa Keya, jeshi la wakoloni. Watoto wake aliwalea kambini, na nyumba yake iliongea Kiswahili cha kambini mpaka uzeeni. Aliporudi kutoka Zaire, kabla hata mlango haujawekwa, alimwita seremala akamtengenezea Soka kitanda. Kila asubuhi alikitandika, akanyoosha blanketi la jeshi, akalipapasa. Hakuna aliyelala juu yake, hakuna aliyekaa. Nyumba ilipovuja alikisukuma kitanda mpaka kwenye kona moja tu iliyobaki kavu, na Kiden na binti zake wakalala kwenye mikeka, maji yakiwapitia chini ya mbavu. Mimi nilikasirika. Nilikasirika kweli kweli, na nilisema, lakini nyumba haikuwa yangu.

Binti mdogo, Viktoria, yule aliyezaliwa Zaire na asiyemjua baba yake, alikuwa na kifua kibovu. Baada ya mvua ile alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Tulimbeba hadi zahanati, na mganga akamwambia Kiden wazi kwamba mtoto huyu akilala tena kwenye maji, asimlaumu mtu.

Jioni hiyo Kiden alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama, mimi naomba. Viktoria alale kwa kitanda."

"Hiyo kitanda iko na mutu yake," Santina akasema.

"Basi tutengeneze juu. Mimi najua. Soka alinionyesha."

Ni kweli alijua. Soka alipoijenga nyumba ile baada ya kumwoa, Kiden ndiye aliyekuwa akimpa misumari, na Soka alikuwa mtu wa kueleza kila kitu anachofanya, hata akipiga chafya. Msumari juu ya mgongo, mpira chini ya kichwa cha msumari, maji yaachiwe bonde lake. Lakini katika ukoo ule mke hapandi juu ya nyumba ya mume wake aliye hai. Anayepanda ni mjane, tena baada ya msiba. Mke akipanda kabla ya hapo, amemzika mume wake kwa mikono yake mwenyewe.

"Wewe nakwea pale," Santina akamwambia, "wewe nazika mutoto yangu. Nani alikuonyesha kaburi?"

Kiden akaenda kwa jirani yao Amandu, mwanamume mwenye nguvu na ngazi. Amandu akakuna kichwa. "Mama Viktoria, mimi nakwea pale leo, kesho watu nasema Amandu narithi bibi ya Soka. Na Soka akirudi? Ngazi chukua. Mimi mwenyewe, hapana." Kwa hiyo wanawake hawakuruhusiwa kupanda, wanaume waliogopa kupanda, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Zaire.

Ijumaa ya Kwaresima Santina alikwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Hakuwa amegeuka kona vizuri Kiden alipokuja kwangu na nyundo mkononi. "Paska, leo," akasema. Sikumuuliza leo nini. Nilichukua debe langu.

Lami tuliitoa kwenye pipa lililoachwa na wajenga barabara upande wa kwenda Arua. Niliiyeyusha juu ya moto nyuma ya nyumba, nikaizimua kwa mafuta ya taa kidogo, nikiwa mbali na miali maana nyusi zangu nazipenda. Tulichana gunia vipande vipande, tukakata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa vijiduara vya kuweka chini ya misumari. Kiden akajifunga kanga kiunoni, akasimama chini ya ngazi ya Amandu, akashika ngazi lakini mguu haukunyanyuka. Ndani Viktoria akakohoa. Mguu ukanyanyuka.

Alikanyaga pale tu penye miti chini ya bati, kama Soka alivyokuwa akikanyaga. Aling'oa msumari bondeni, akaunyoosha, akauvisha mpira, akaupiga juu ya mgongo. Tundu lililobaki akaliziba kwa kipande cha gunia kilicholoweshwa lami, akakisiliba pembeni kwa kijiti. Nilimpandishia lami kwa kopo na kamba. Kila mara nilitazama njia ya kanisani, kisha nikatazama mawingu, na sikujua ni kipi kinanitisha zaidi.

Mara mguu ukamponyoka. Aliteleza kwa tumbo mpaka karibu na ukingo, nyundo ikanipita sikioni, kisha vidole vyake vikanasa kichwa cha msumari. Alilala pale akihema. "Nipe nyundo," akasema.

Nilirudi motoni kukoroga lami, na hapo ndipo niliposikia mtu anakimbia. Nilichungulia kwenye pembe ya nyumba. Alikuwa Mama Santina, kilemba kimeanguka shingoni, viatu mkononi, mwanamke mzee anakimbia kama msichana na machozi yanamtiririka. "Soka!" alikuwa anaita. "Soka! Mutoto yangu amerudi!"

Sikuelewa mpaka nilipoisikiliza nyundo. Kidogo, kidogo, kwa nguvu. Kidogo, kidogo, kwa nguvu. Soka alipiga misumari hivyo hivyo, na mama yake alikuwa ameijua nyundo ile tangu njiani. Kiden hakujua kupiga kwa namna nyingine kwa sababu hakufundishwa na mtu mwingine.

Santina alifika uani, akainua uso, mikono ameinyoosha. Akamwona mkwe wake.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukivunjika namna ile, na naomba nisiuone tena. Nyundo ilinyamaza. Mzee yule aliiendea ngazi, akaisukuma, ikaanguka chini kwa kishindo, naye akakaa juu yake.

"Mama," Kiden akaita kutoka juu, "weka ngazi. Mvua nakuja."

"Ngoja bwana yako. Yeye atakutoa."

"Mama, naomba."

"Wewe hapana sema bwana yako amekufa? Basi kaa huko na yeye."

Niliruka nikashika ngazi. Santina aliishika kwa mikono yote miwili, na macho yake yaliniambia kwamba nitamvunja mfupa kabla hajaiachia. Utapigana vipi na bibi kizee? Nilimsihi. Nikamtukana kidogo, Mungu anisamehe. Hakunisikia hata neno. Ngurumo ilipiga upande wa Lurujo, na upepo ukaanza kuinua vumbi uani.

Juu ya paa Kiden alisimama. Nilifikiri atalia. Badala yake alisema, "Paska, leta lami. Imebaki bati mbili."

"Kiden, radi hiyo!"

"Leta lami."

Nikaleta. Ningefanya nini? Nikamrushia kamba, kopo likapanda, na nyundo ikaanza tena, kidogo, kidogo, kwa nguvu, na kila pigo lilimfanya Santina afumbe macho. Matone ya kwanza yalianguka, mazito. Radi ikapasua anga nyuma ya kilima, na bati lote likang'aa, Kiden katikati yake akiwa ameinama kama hajaona kitu. Mimi nilikuwa nasali kwa sauti.

"Mama," akasema huku anapiga, "mimi pia nasikia yeye. Kila siku mimi nasikia. Mimi nalala, nasikia lori. Lakini mutoto yake iko hapa ndani, nakohoa."

Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Kiden alikuwa bado ana tundu moja, kubwa, na lami ilikuwa haishiki kwenye maji. Nilimwona akijilaza kifudifudi juu yake, akaliziba kwa kifua chake mwenyewe, mikono ameitanua, mvua inampiga mgongoni. Alikaa hivyo. Na chini, mama mkwe alikaa hivyo, juu ya ngazi, nywele nyeupe zimemlowa usoni. Mimi katikati yao nilikuwa nalia kwa hasira.

Kisha ndani ya nyumba kikohozi kilianza, kirefu, cha kukwaruza. Kiliendelea na kuendelea. Halafu kikakatika.

"Paska!" Kiden akapiga ukelele. "Viktoria! Paska!"

Lakini aliyesimama kwanza alikuwa Santina. Aliingia mlangoni kabla yangu, nami nikamfuata kwa mbio.

Viktoria alikuwa amekaa kwenye mkeka, anavuta pumzi kwa shida, uso ameuinua juu. Alikuwa anasikiliza. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa kishindo hata usingeweza kusikia mtu akisema, na sakafuni hapakuwa na tone. Sufuria zilizopangwa kukingia maji zilikuwa tupu. Mtoto akamwonyesha nyanya yake mkeka, akaupapasa kwa kiganja, mkavu, kama anayeonyesha zawadi.

Santina alisimama pale maji yakimchuruzika kutoka kwenye gauni. Alitazama juu, akatazama sufuria, kisha akatazama kitanda.

Akakiendea, akalikunjua blanketi. Mtoto alikuwa na miaka saba na mzito kwake, lakini nilipoinua mkono kumsaidia alinisukuma kwa kiwiko. Alimbeba mwenyewe, akamlaza katikati ya kitanda, akamwekea mto kichwani, akalivuta blanketi la jeshi mpaka kidevuni na kulibana pande zote mbili. Viktoria alikuwa hajawahi kulala juu ya kitanda kile maisha yake yote. Alimtazama nyanya yake kwa hofu, akingoja kufukuzwa, na pumzi zake zikaanza kutulia.

Santina akatoka mvuani. Aliinua ngazi peke yake, akaisimamisha ukutani.

"Kuja chini," akasema.

"Viktoria!" Kiden akaita bila kuondoka kwenye lile tundu. "Viktoria iko namna gani?"

"Iko kwa kitanda."

Kiden aliinua kichwa. Maji yalikuwa yanamwingia machoni. "Kitanda gani, Mama?"

"Hii nyumba iko na kitanda ngapi?" Santina akasema. Akashika ngazi sawasawa. "Kitanda imepata mutu yake. Soka hapana rudi, mutoto yangu. Kuja chini tulie yeye."

Kiden alishuka taratibu, nyundo ameifungia kwenye kanga. Santina aliishika ngazi kwa mikono yote miwili mpaka mkwe wake alipokanyaga ardhi. Ndipo akaiachia, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba, na majirani wakaanza kutoka majumbani mwao kuja kumlilia Soka.