Mjadala Chini ya Kuba ya Nyota

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona nyota hata moja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa Toronto, theluji ikianza kuyeyuka kando ya njia. Kiwanda nilimokuwa nikitengeneza televisheni kilikuwa kimefungwa, nami nikaajiriwa fundi katika jumba la nyota. Ulikuwa ukumbi wa duara wenye kuba nyeupe kwa ndani, na katikati yake mashine iliyotupa juu nukta za mwanga mpaka mtu akadhani anatazama anga la usiku. Fundi Mkuu, mzee wa Kiskoti aliyeongea chini chini kana kwamba kuna mtu amelala, alinipa kitambaa laini.

"Leo futa lenzi tu, Mushi," alisema. "Punje ya vumbi hapa, kule juu inakuwa sayari mpya."

Nilifuta kwa siku nyingi kabla hajaniruhusu kukaa kwenye meza ya kuongozea, penye vitufe vya taa, sauti na mota. Hapo nilijifunza kazi ambayo sisi mafundi tuliiita kuchwesha. Unapunguza mwanga wa ukumbi taratibu sana, kwa sababu jicho huchelewa kuzoea giza. Ukiharakisha, watu hushtuka, na nyota hawazioni vizuri.

"Usiwazimie taa," Fundi Mkuu alizoea kuniambia. "Wachwelewe wenyewe. Wasijue usiku umeingia saa ngapi."

Kazi ile ilinifanya niishi kama nusu nimelala. Mchana kutwa nilizungusha mbingu, nikaleta alfajiri, nikaiondoa. Nikitoka nje jioni, tramu zilipita na madirisha yake ya manjano, na nilihisi kwamba nazo kuna mtu mahali fulani anaziongoza kwa kitufe.

Kisha nchi ikatangaza kwamba inatafuta watu wa kupelekwa angani. Redioni hakukuwa na habari nyingine. Chombo cha Wamarekani kilichoteketea mara tu baada ya kurushwa, kikaua wote waliokuwamo, hakikuwa kimesahaulika. Wengine walisema mitambo ipelekwe peke yake, kwa nini kumfunga mtu juu ya moto? Wengine walisema mtambo hauwezi kurudi nyumbani na kusimulia. Mkurugenzi wetu, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akaamua kuandaa jioni ya mjadala wa wazi. Aliniita ofisini.

"Nataka wazungumze gizani, nyota zikiwa juu," alisema. "Wakitazamana watagombana. Wasipotazamana, huenda wakasikilizana."

Jioni hiyo ukumbi ulijaa. Nilichwesha polepole kuliko siku zote, minong'ono ikapungua pamoja na mwanga. Mkurugenzi akasema anayetaka kuzungumza apaze sauti hapo alipo. Rubani mmoja mstaafu alieleza kwamba hakuna safari isiyo na hatari, na kwamba yeye mwenyewe alizika marafiki, lakini ndege hazikuachwa. Baada yake ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Mimi ni mwalimu," alisema. "Siku ile niliwakalisha wanafunzi wangu mbele ya televisheni tutazame urushaji. Niliwaambia wapige makofi. Walikuwa bado wanapiga makofi wakati mimi nimeshaelewa kilichotokea. Kwa hiyo msiniambie habari za ndege."

Nyota zilisogea kidogo, kama nilivyoziweka zisogee. Ndipo sauti ya msichana ikatoka upande wa kaskazini wa kuba, kwa Kiingereza cha vijana wa hapa.

"Samahani, mwalimu. Mimi nimeomba kwenda."

Niliondoa kidole kwenye kitufe. Alikuwa Eliza, binti yetu wa pekee, mhandisi aliyekuwa ametoka tu chuoni. Sikujua kama yumo ukumbini, wala sikujua kama ameomba.

Mwalimu akamuuliza, kwa upole sana, "Wazazi wako wanajua?"

"Baba yangu anajua sasa," alisema Eliza. "Ndiye anayeongoza hizi nyota."

Watu walicheka kidogo. Sikumbuki waliosema baadaye walisema nini. Ulipofika wakati wa kuleta alfajiri nilichelewa, hadi Mkurugenzi akaja kusimama nyuma yangu. Hakuniharakisha.

Tulirudi nyumbani, mji wa Pickering, kwa gari langu, mimi nikiongea Kiswahili, yeye akijibu Kiingereza, kama kawaida yetu.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngesema hapana."

"Na bado tunaweza kusema hapana."

"Najua, baba. Ndiyo maana nilisema gizani."

Mama yake alipopata habari aliweka mwiko chini, akakaa. Hakugomba. Alisema tu kwamba hakuvuka bahari ili mwanawe aondoke hata duniani. Tangu hapo kila Jumapili, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, alipiga magoti muda mrefu kuliko wenzake, na nilijua anachoomba. Mimi nami nilikuwa naomba hichohicho. Eliza akapita mchujo wa kwanza, akapita wa pili, akaenda kupimwa afya. Kila alipopita nilimpongeza, kisha nikaenda gereji kutafuta chochote cha kutengeneza.

Simu ilipigwa siku moja tukiwa mezani. Eliza alisikiliza, akasema asante mara mbili, akatutazama na kutikisa kichwa. Hakuchaguliwa.

Nilingoja furaha ije. Badala yake mama yake aliinuka, akachukua simu mkononi mwa mtoto, akamuuliza yule bwana aliyekuwa bado kwenye laini, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Mimi ni mama yake. Niambie, mwanangu ana kasoro gani?"

Sijui alijibiwa nini. Alisikiliza kwa muda, akasema, "Basi mmekosea," akakata. Kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa uchungu kama mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa akikitaka sana. Eliza ndiye aliyembembeleza. Mimi nilibaki nimeshika bakuli la mchuzi, nisijue niliweke wapi.

Nilistaafu kabla miaka ya tisini haijaisha. Vijana wa kanisani wakisikia nilikofanya kazi huniuliza kama ni haki kumrusha mtu angani, na nilikuwa upande gani. Huwaambia ukweli, kwamba nilisikiliza pande zote mbili gizani na zote mbili zilikuwa za watu waliopenda mtu.

Eliza sasa anakagua madaraja, kazi anayoipenda, na ana watoto wake. Televisheni ikionyesha watu wanarushwa, hunipigia simu. Kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake mpaka moto ule upenye mawingu na kupotea. Mama yake hakubali kutazama. Hukaa jikoni, bomba la maji amelifunga ili asikie vizuri.

"Wamefika?" huuliza.

"Wamefika," namjibu.

Ndipo hufungua maji.