Mkate wa Kumimina na Mkwe wa Ansab

Kwetu chai ya asubuhi ya Ijumaa hainyweki kwa adabu. Watu wanaotuona kwenye harusi, tumejifukiza udi na kukaa mkao wa heshima, hawaniamini nikiwaambia kwamba nyumbani kwa mama yangu, huku mtaa wa Mabela, Maskati, tumeshapasuana midomo kwa ajili ya mkate. Kaka yangu alinipiga kijiko cha chuma hapa chini ya pua, na mie nishakuwa msichana wa chuo, kwa sababu nilimwahi ule ukingo wa mkate wa kumimina uliokauka na kushika rangi. Nikammwagia chai mapajani. Mama akatutandika sote wawili kwa mwiko, akatwambia tufute meza, kisha akatukatia mkate mwengine. Sijui nyumba za watu wanakula vipi. Sisi tumekula hivyo tangu nipate akili.

Na meza yenyewe ilistahili kupiganiwa. Mbaazi za nazi nzito, mandazi yanayonukia iliki, chila za moto, na katikati huo mkate wa kumimina. Mama huuroweka mchele mwenyewe, akausaga, akatia tui, hamira na sukari, akauacha uumuke mpaka utokwe na mapovu. Tui la kopo halitaki. Nilimletea siku moja, akalimwaga lote kwenye sinki huku ananitazama usoni.

Nishaulizwa mara nyingi kwa nini sisi watu wa Unguja tuliorudi Maskati hatuyaachi mavyakula yetu ya nazi asubuhi, ilhali majirani wana rakhal, ule mkate mwembamba wa kupakwa yai na jibini, mtamu hasa. Ah, mwachie mtu chakula chake cha asubuhi. Cha mchana unakula kwa sababu una njaa. Cha asubuhi unamtafuta aliyekupikia ulipokuwa mdogo, na ukimkosa unanuna kutwa nzima na hujui umenunia nini. Jirani yangu naye akipewa mandazi badala ya rakhal anakuwa mkali vilevile. Zamani nilikuwa nikilisema hili kwa kucheka.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliolewa mtaa wa Ansab. Mume alikuwa Mzanzibari mwenzetu, ana kazi nzuri ya serikali, anavaa vizuri, anasema taratibu. Mama yake alifariki yeye mchanga akalelewa na bibi yake, na bibi naye kafa. Ijumaa ya kwanza alipokuja kama mkwe alimega mkate wa kumimina, akautafuna, macho yakamjaa maji. Akaushika mkono wa mama akasema, "Mama, mikono hii isiuone moto wa Akhera. Tangu bibi yangu atutoke sijala mkate kama huu."

Basi mama akaisha kwa kumpenda. Tangu siku hiyo mkwe ndiye anayekatiwa wa mwanzo, tena ule ukingo, na kaka aliyenipasua mdomo kwa ukingo huohuo akawa anamsogezea sahani. Mie nilifurahi pia. Nilidhani mwanamume anayelia kwa ajili ya mkate wa bibi yake hawezi kuwa na roho mbaya. Nyumba njema si mlango, wanasema, na sisi tulikuwa hata mlango wenyewe hatujaugusa.

Kumbe kule Ansab alikuwa anautaka mkate huo kila asubuhi. Mdogo wangu si mpishi. Anajua biriani, anajua keki za krimu, lakini mkate wa kumimina haumpendi. Jikoni kwake AC inavuma kama msimu wa baridi, rojo haliumuki, mkate unatoka bapa kama kandambili. Mwanzo mume alicheka. Kisha akawa hali, anakwenda kazini na njaa kwa makusudi. Kisha akarusha sahani. Kisha akampiga kwa kifuniko cha sufuria, kichwani, mahali ambapo mtandio unaficha. Yote haya tuliyajua baadaye. Ijumaa zote hizo alikuja kwetu, akala wa mwanzo, akamwombea mama dua, na mdogo wangu kando yake anachovya mandazi kwenye chai na wala haongei.

Siku iliyovunja ukimya ilikuwa siku ya kazi, jua limetoka sasa hivi. Mkate ulikuwa umetoka mbichi katikati. Mume akainuka mezani akaenda jikoni, akamkamata mdogo wangu kifundo cha mkono wa kulia, akakibandika kiganja chake kwenye kikaango cha chuma kilichokuwa bado juu ya moto. Akakigandamiza pale. Akamwambia, "Haya, umuka wewe."

Mdogo wangu aliendesha gari kutoka Ansab mpaka Mabela kwa mkono mmoja. Mama aliponipigia simu sikuelewa neno, nikatoka kwangu Bawshar na nguo za kulalia ndani ya baibui. Nilimkuta sebuleni, kiganja kimepakwa asali, ngozi imejikunja, na ile harufu sitaki kuielezea. Hospitali nesi akamuuliza imekuwaje. Akasema ameteleza. Nikasema, "Hakuteleza, katelezeshwa." Nesi akatutazama, mdogo wangu akageuza uso ukutani.

Mie nilitaka twende polisi palepale. Kaka yetu ndiye walii wake, mwenye kauli juu ya ndoa yake, tangu baba afariki, na kaka akakataa. Akasema mambo ya nyumba yanamalizwa majlisi, kwenye chumba cha wageni, na watu wakisikia itakuwa fedheha. Nikamwambia, "Kilichokaangwa ni kiganja cha nani, cha majlisi?" Akanambia nipunguze sauti. Nikamtupia funguo za gari, zikampiga kifuani. Akaziokota, akaziweka juu ya meza, akasema mkwe atakuja Ijumaa.

Sasa hapa lazima nieleze ada yetu. Kwa Waarabu wa ndani ya Omani, mgeni mwenye haja haigusi kahawa mpaka haja yake ikubaliwe. Sisi tumeihamishia kwenye chai ya asubuhi. Mume akija kumfuata mke aliyekimbilia kwao hupewa kahawa na tende tu, akasema yake, akasemwa. Wenye mtoto wakikubali kumrejesha, ndipo sinia ya chakula inatoka, na mke mwenyewe ndiye anayeileta. Mume akila, yamekwisha. Hakuna wa kuyafufua tena, hata yeye mke, na jioni wanarudi kwao. Wazee walitwambia ni ada ya kuokoa ndoa, na huenda kweli imeokoa nyingi. Nilimuuliza mdogo wangu yeye mwenyewe anataka nini. Akasema, "Nyinyi mkisema nirudi, ntarudi." Alisema kama mtu anayesoma bei dukani, na hilo liliniuma kuliko kile kiganja.

Ijumaa alfajiri nikamkuta mama jikoni anamimina rojo kwenye sufuria. Moyo wangu ukawaka.

"Mama, huyu ukimlisha umempa mtoto."

"Ada nnaijua kabla hujazaliwa," akasema bila ya kugeuka. "Ijumaa haipiti nyumba yangu haina mkate. Kupika si kulisha."

"Na kaka akisema sinia itoke?"

Akafunika sufuria akaanza kukuna nazi ya mbaazi, na alikuwa anaikuna kwa nguvu mpaka mbuzi ya kukunia inaruka sakafuni.

Mkwe akaja na kanzu iliyopigwa pasi vizuri na bakuli kubwa la halua. Akakaa majlisi, kaka mbele yake, mama pembeni kwenye godoro na goti lake bovu amelinyosha. Mie na mdogo wangu tulikuwa jikoni, mlango wazi, kila neno linasikika. Akasema shetani alimwingia. Akasema kazi ina mashaka mengi. Akasema anampenda mkewe, na nyumba bila ya mke ni kaburi. Kaka akamuuliza kama atarudia, akasema hatarudia. Mama hakuulizwa lolote. Kaka akakohoa, kisha akaita, "Leteni chai."

"Sileti," nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Mdogo wangu akainuka. Akaishika sinia kwa mkono mzima na kwa ule wenye bendeji, mkate juu yake, mbaazi, na birika la chai. Nikaikamata upande wa pili. Tukavutana pale mlangoni, chai ikamwagika miguuni mwetu, mbaazi zikapinduka nusu. Nilikuwa na nguvu ya kumnyang'anya. Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, niachie. Yaishe." Nikaiachia.

Akaenda akaiweka mbele ya mumewe. Bendeji ikagusa ukingo wa sinia, na sote tukamwona anavyokunja uso kwa maumivu. Kaka akatazama zulia. Mkwe akasema bismillahi, akamega ule ukingo uliokauka, akautia mdomoni. Akafumba macho. Akatafuna polepole kwa raha zake, na kabla hajameza akamgeukia mdogo wangu akasema, "Umeona? Huu ndo mkate. Ungejifunza kwa mama, yote haya yasingetokea."

Mama huwa hawezi kuinuka kwenye godoro bila ya kushikwa mkono. Siku ile aliinuka peke yake. Alivuka majlisi, akamkamata mkwe taya kwa mkono wa kushoto, akamwambia, "Tema."

Mkwe akadhani ni mzaha, akatabasamu mdomo umejaa.

"Tema mkate wangu."

Akatikisa kichwa na kubana meno. Mama akamsukumia vidole viwili mdomoni, hivi, kama mtu anayemtoa mtoto gololi. Mkwe akamng'ata. Nilisikia mfupa. Mama hakuvitoa, akazidi kuvizamisha, damu inamshuka mpaka kwenye mkono wa gauni lake la dirii, na huku anasema, "Tema. Tema. Tema." Kaka akaruka kwenda kumvuta mama. Nikamdaka ukosi wa kanzu kwa nyuma nikamwangusha chali, vifungo vikakatika, nikamkalia kifuani na kumtwanga ngumi za uso kwa yale ya kikaango na ya majlisi. Ndugu yangu wa tumbo moja. Nilipiga mpaka vifundo vya vidole vikanitoka ngozi.

Mkwe alikuwa anakabwa sasa, uso umekuwa mwekundu. Akanyanyua mkono wa kulia, kiganja wazi, kumpiga mama yangu.

Mkono huo haukufika. Mdogo wangu, ambaye hata paka hajawahi kumfukuza jikoni, alikuwa kashalichukua birika kwa mkono wake mzima, na akamshushia nalo juu ya sikio. Chai iliyobaki ikammwagikia shingoni. Akapiga ukelele, na mdomo ulipofunguka mama akakichokoa kile kipande, kimetafunwa nusu, kina mate na damu yake mwenyewe, akakitupa katikati ya sinia. Sote tukakitazama.

Mkwe kajishika sikio, analia, na machozi yale nilishayaona siku ya Ijumaa ya kwanza, ni yaleyale. Halua imekanyagwa kwenye zulia. Mdogo wangu kasimama na birika bado mkononi. Mie nikamwondokea kaka kifuani.

Mama akaufunga mkono wake kwa mtandio. Alikuwa anahema. Hakututazama sisi wala mkwe, alimtazama mwanawe wa kiume, walii, aliyelala chini na pua inamvuja damu.

"Nakuuliza weye," akasema. "Huyu kala?"

Kaka akakaa. Alijua anaulizwa nini. Akisema kala, ada imeshika na mdogo wetu anaondoka jioni ile kurudi kwenye kikaango. Aliutazama ule mkate uliotafunwa kwenye sinia. Akautazama mkono wenye bendeji. Hakuna hata mmoja wetu aliyemsaidia.

"Hajala," akasema kaka. Akainuka kwa kujishika ukuta, akaenda kumfungulia shemeji yake mlango atoke.